Natafuta hoteli yenye asili yake karibu na Beit al-Ajaib: mama, mwalimu wa historia, anavuka maji mara ya kwanza

Mtoto wa Mwalimu (Tabora)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili nimelibeba siku nyingi.

Mama yangu amefundisha historia miaka 33, Nzega na baadaye Tabora mjini. Kila mwaka likifika somo la ukoloni alichora ubaoni jumba la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, Unguja, kwa chaki nyeupe: nguzo, roshani zinazozunguka kila ghorofa, mnara wa saa katikati. Alichora bila kutazama kitabu. Pembeni anaandika 1883, Sultani Barghash. Chini yake anaandika 27 Agosti 1896, halafu anageuka na kutuuliza ni vita gani duniani viliisha kabla chai ya saa nne haijaiva (ni vile vya Waingereza na Zanzibar). Nasema "kutuuliza" kwa sababu nami nilikaa darasani kwake na kuunakili mchoro ule kwenye daftari langu.

Sasa amestaafu, ana miaka 68. Bahari ameiona mara moja tu, akiwa Kivukoni, Dar. Jumba lenyewe hajawahi kuliona. Mimi na wadogo zangu wawili tumechanga, na mwezi wa sita nampeleka Unguja siku nne.

Nataka alale karibu na jumba lile, tena ndani ya nyumba yenye kuta nene, milango ya nakshi na vitanda vya zamani. Sitaki hoteli ya vigae vyeupe na vioo ambayo ukiihamishia Kahama hakuna atakayegundua. Bajeti yetu ni 200,000 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili na kifunguakinywa. Magoti yake yana shida, ngazi anapanda lakini kwa taratibu. Usingizi wake ni mwepesi.

Kuna jambo la mwisho. Najua sehemu kubwa ya jumba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo. Mama hajui. Habari zile zilipita wakati alipokuwa anauguza, hakuna aliyemwambia, na mimi sijapata ujasiri. Je, bado kuna maana ya kulala karibu nalo?

Kijana wa Bandari

Karibuni sana Unguja mkuu. Maana ipo. Jumba limezungushiwa uzio na jukwaa za mafundi lakini eneo lote ni lile lile: Ngome Kongwe ubavuni, Forodhani mbele, bahari.

Kwa magoti ya mama ningesema Shangani, maana gari inafika hadi karibu na mlango. Ukiingia ndani Kiponda au Hurumzi gari haipiti, mizigo inakwenda kwa mkokoteni au begani kwa mchukuzi. Mkishuka kwenye boti papasi watawafuata kila mmoja na hoteli yake, waambieni kwa upole kwamba mna mwenyeji. Beba kitambulisho cha NIDA na kila unapouliza bei, uliza bei ya wakaazi. Usipouliza utatajiwa ya dola.

Mgeni wa Moshi

Nichangie kidogo kwa yaliyonikuta. Mwaka juzi nilishika chumba kilichoandikwa "kinatazama bahari" katika jengo la zamani, jina nalihifadhi. Bahari ilikuwepo kweli, ila kuiona ilinibidi nisimame juu ya kigoda bafuni. Dirisha la chumba lenyewe lilitazama ukuta wa jirani, ungenyoosha mkono ungeugusa. Mke wangu alilala siku mbili na taa ikiwaka mchana. Picha kwenye mtandao zilikuwa za kweli zote, lakini zilikuwa za chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo. Omba upigiwe picha ya dirisha la chumba chako wewe, ikipigwa kutoka kitandani.

Wa Kiponda

Assalaam alaykum. Mwanangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu.

Mie nimezaliwa Kiponda, na nimetandika vitanda katika nyumba za wageni za Mji Mkongwe miaka 19, nyumba tatu mbalimbali. Ya mwisho ilikuwa na vidato 58 toka mlango wa njiani hadi paani. Navijua kimoja kimoja, cha 23 kimelika katikati kama bakuli kwa nyayo za watu. Kwa hivyo nitakwambia yale ambayo mtu wa mapokezi hakwambii, si kwa ubaya, yeye hakulala vyumba vile.

Huyu ndugu wa Moshi kasema jambo kubwa. Watu hupanga hoteli, kumbe wanacholalia ni chumba. Katika nyumba moja, kwa bei moja, chumba cha mbele kinapigwa na upepo hata feni huwashi, na cha nyuma mgeni anaamka shuka imemganda mgongoni. Nyie mnakuja mwezi wa sita, ni kusi, upepo unatoka kusini. Basi uliza: dirisha la chumba hiki linatazama wapi? Wakikwambia kusini au baharini, shika hapo hapo. Wakikwambia "lina hewa nzuri" bila kutaja upande, uliza tena.

La pili, ghorofa. Kwa magoti utasema mpewe chumba cha chini kabisa, nami nakusihi usifanye hivyo. Chini ya nyumba zetu palikuwa maduka na maghala, si pahala pa kulala watu. Pana unyevu, na njia nzima inapita dirishani. Omba ghorofa ya kwanza, ni vidato 15 mpaka 20, hapo hewa imeanza kuwa safi. Halafu uliza na hili, ambalo wageni karibu wote hulisahau: chai ya asubuhi inanywewa wapi? Nyumba nyingi hunywesha chai paani. Utampatia mama chumba cha ghorofa ya kwanza, ukajiona umemaliza, kumbe kila asubuhi anapandishwa hadi juu kufuata yai. Waambie mapema kwamba yake iletwe chini ukumbini. Hakuna nyumba itakayokataa, mie nimepandisha na kuteremsha masinia kama hayo mara ngapi sijui.

Kuhusu usingizi mwepesi sikufichi. Mji wetu ni mdogo na una misikiti kiasi cha 50, na adhana ya alfajiri haitoki msikiti mmoja, inapokezana. Upande wa Minara Miwili kuna na kengele za kanisa. Chumba kinachotazama uwani kimya kipo, ila upepo haupo. Utachagua kimoja. Kwa umri wa mama na kwa mwezi wa sita mie ningechagua upepo.

Sasa asili, maana hilo ndilo uliloulizia. Nyumba nyingi siku hizi zinavaa asili kama nguo: taa ya shaba, mlango mpya wa nakshi uliochongwa juzi, jahazi la ubao juu ya meza. Utaijua nyumba ya kweli kwa upana wa vyumba. Dari zetu za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Ndio maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, kama ndani ya chombo. Ukikuta chumba kipana kama uwanja, ama ukuta umevunjwa au nyumba ni mpya. Tazama na ukutani: vipo vidaka, vile vishubaka vilivyochimbwa ndani ya ukuta vya kuweka vyombo na msahafu? Tazama unene wa ukuta pale dirishani, mama aweze kukaa juu ya kizingiti chake kama kibarazani. Kitanda kiwe samadari, chenye nguzo nne. Na uliza nyumba ilikuwa ya nani. Nyumba ya Mwarabu ina uwa katikati, nje iko kimya, huoni kitu isipokuwa mlango. Nyumba ya Mhindi ina duka chini na roshani ya mbao yenye nakshi juu, inatazama njiani na kuzungumza na watu. Mama yako kafundisha watoto miaka 33, nadhani atapenda roshani ya kutazama njia.

Ukitaka majina makubwa, mama mwenyewe atayajua historia yake kuliko mie. Emerson on Hurumzi ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri yule yule aliyeweka jiwe la msingi la jumba la dispensari ya zamani kule Mizingani. Ni nyuma tu ya Beit al-Ajaib. Watu wazima walikuwa wakitwambia jina Hurumzi limetokana na uhuru, kwamba pale ndipo watumwa walipoachiliwa. Tembo ipo ufukweni hapo hapo Forodhani, ina milango na vitanda vya zamani na haiuzi pombe. Serena ilikuwa jumba la simu za chini ya bahari. Mambo Msiige sasa ni sehemu ya Park Hyatt. Zote hizo zina asili ya kweli, ila kwa laki mbili hutozifikia, labda masika ambapo bei huteremka.

Basi fanya walivyokuwa wakifanya wageni wangu wenye akili. Laleni katika nyumba ndogo ya Kiponda au nyuma ya mtaa wa Gizenga, dakika tano kwa miguu hadi Forodhani. Kisha jioni moja, moja tu, mshikie mama nafasi kwenye paa la ile Emerson on Hurumzi. Mnakaa chini kwenye mito, na mji wote uko chini yenu: mabati mekundu kwa kutu, minara, kilele cha hekalu la Wahindi, jumba lenyewe la Barghash, na jua linazama nyuma ya majahazi. Hakuna lifti na ngazi ni za wima. Muanze kupanda saa nzima kabla ya jua kuzama, apumzike kila ghorofa, nyumba hiyo ina mapambo ya kumtazamisha mtu kila akisimama.

Na la kuporomoka, mwanangu, mwambie kabla hajakanyaga boti. Siku ile ya Krismasi tulikuwa nyumbani, tukasikia kishindo, tukatoka njiani tukaona vumbi limesimama upande wa Forodhani. Watu wawili walifariki pale, Mungu awarehemu. Watu wazima walilia barazani kama wamefiwa na ndugu. Mama yako kalichora jumba lile miaka 33, naye ni mfiwa. Asipewe habari na uzio.

Nyumba moja ndogo naikumbuka inayokufaa, vyumba sita. Sheria za hapa haziruhusu matangazo, nakutumia jina pembeni.

Mama Watatu (Dar)

Namheshimu Bi wa Kiponda lakini nina wasiwasi. Mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, mimi nisingempeleka kabisa kwenye nyumba za ngazi. Ngazi za Mji Mkongwe si ngazi za kawaida, ni nyembamba, nyingine hazina pa kushika, na usiku umeme ukikatika ni hatari. Mama yangu mkwe aliteleza katika nyumba moja ya namna hiyo, akakaa na plasta wiki sita. Mpelekeni hoteli yenye lifti, asili aende akaitazame mchana.

Wa Kiponda

Pole sana kwa mkweo, dada, na maneno yako nayachukua. Wewe mtoto wa mwalimu, fanya hivi: kabla hujalipa, hesabu ngazi anazopanda mama huko Tabora, kanisani au benki. Kama vidato 15 vinamshinda, basi msikilize dada huyu na usinisikilize mie. Kama anaviweza kwa taratibu, muulize mwenye nyumba mambo matatu: pana kamba au mbao ya kushika hadi juu? pana taa ya betri kwenye ngazi? na choo kimo ndani ya chumba? Hilo la choo ndilo kubwa. Watu wazima hawaanguki wakipanda kulala, huanguka saa nane za usiku wakitafuta choo.

Fundi Chokaa

Salamu kwenu. Mimi kazi yangu ni kuta, nimetengeneza nyumba nyingi za Mji Mkongwe, kwa hiyo niongeze la ukuta.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Chokaa inapatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo ya bahari kwa kuni, kisha unaizima kwa maji na kuiacha ilale. Ukuta wa chokaa unapumua: mvua ikiuingia, jua likija unautoa unyevu. Mwenye haraka anakuja na saruji, anapiga plasta, anapaka rangi ya mafuta, nyumba inang'aa msimu mmoja. Baada ya hapo maji yamefungiwa ndani, chumvi inasukuma, na plasta inadondoka kwa mabamba. Kwa mgeni dalili ni rahisi kuziona: rangi iliyovimba malengelenge usawa wa goti, na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Ukikutana na hayo mlangoni, omba chumba kingine au nyumba nyingine, kwa mtu mzima kifua kitamsumbua.

Lakini usiogope ukuta usionyooka wala madoa madogo ya rangi. Chokaa haikupi ukuta kama kioo, na ikikupa ujue kuna kitu kimefichwa. Napenda mgeni aelewe hilo, kwa sababu wenye hoteli wananiambia wageni wanalalamika kuta "hazijamalizika", na hapo ndipo wanapokimbilia saruji. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, kuna taratibu za kila unachobadilisha. Pamoja na hayo yote nyumba zinaanguka, na nyingi huanzia juu: paa linavuja, kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta ambako hakuna anayekiona, dari inashuka na kuvuta ukuta. Mgeni anayelipia chumba katika nyumba inayotunzwa kwa chokaa ndiye anayelipia paa lile. Kwa hiyo swali langu mimi lingekuwa: paa lenu mlilitengeneza lini mara ya mwisho? Mwenye nyumba anayeipenda nyumba yake atakujibu kwa furaha, tena atataka kukuonyesha.

Mtoto wa Mwalimu (Tabora)

Nimesoma yote mara mbili, na ya Bi wa Kiponda nimeyaandika kwenye karatasi. Ngazi za kanisani kwetu ni 14, anapanda akiwa ameshika ukuta. Nimepiga simu ile nyumba ya vyumba sita. Nilipouliza dirisha linatazama wapi, kijana wa mapokezi akaniambia subiri, akapanda mwenyewe na simu, akaniambia "kusini, naona mti wa jirani na kipande cha bahari". Nilipouliza la paa akampa simu mwenye nyumba, tukaongea dakika ishirini. Bei ya wakaazi ni 180,000 na chai italetwa ukumbini.

La mama bado. Nitamwambia Jumapili.

Swali moja limebaki: kwenye boti kutoka Dar tukae upande gani ili auone mji ukija?

Kijana wa Bandari

Kulia, mkuu. Boti inatoka kusini, mji wote unapita upande wa kulia. Mtoke nje dakika za mwisho. Zitaanza hoteli za Shangani, halafu Ngome na Beit al-Ajaib, halafu Jumba la Mfalme, halafu ile dispensari ya zamani yenye roshani za nakshi, kisha bandari.

Mtoto wa Mwalimu (Tabora)

Wanajukwaa, tumerudi salama tangu wiki iliyopita na nina deni la kuwapa mrejesho.

Jumapili ile nilimwambia baada ya ibada. Alikaa kimya akimenya viazi, akamaliza beseni zima. Kisha akaniuliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia wawili. Akasema tutakwenda, na tukifika anataka kusimama mbele yake kidogo kwa ajili yao.

Kwenye boti tulikaa kulia. Alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili na kuutaja mji jengo kwa jengo kabla sijamwonyesha, kama anaita majina ya wanafunzi asubuhi. Alipofika kwenye Beit al-Ajaib lililozungukwa na majukwaa alinyamaza hadi bandarini.

Nyumba ilikuwa kama mlivyosema. Vidato 17, na kamba nene ya katani ya kushika imepita ukutani mpaka juu. Chumba chembamba na kirefu, nilipima kwa hatua, nne kwa tisa. Vidaka vitatu ukutani, katika kimoja mama aliweka miwani na Biblia, katika kingine dawa zake za magoti, na kile cha tatu akasema tusikiguse, kipumzike. Kitanda cha samadari kilikuwa kirefu kwenda juu, wakamletea kigoda cha kupandia. Usiku wa kwanza adhana ilimwamsha. Usiku wa pili aliamka kabla yake akaketi kwenye kizingiti cha dirisha kuisubiri, akaniambia baadaye alihesabu sauti saba. Chai ililetwa ukumbini kila siku: mkate wa kumimina, mayai, papai, chai ya viungo. Dada aliyeileta alikuwa anaacha asumini kitandani jioni, na mama alirudi Tabora na yale maua yaliyokauka ndani ya bahasha.

Paani Hurumzi alipanda kwa dakika ishirini na tano na kupumzika mara nne. Kule juu alilitazama jumba kutoka upande ambao hakuwahi kuuchora, wa nyuma. Hakula sana. Aliniambia ubaoni alikuwa analiweka peke yake kama mti wa mbuyu uwandani, kumbe nyumba za watu zimelibana hadi begani.

Asubuhi ya mwisho tulikwenda Forodhani mapema kabla ya jua kali. Alisimama mbele ya uzio kama alivyoahidi, kisha akakaa kwenye baraza, akatoa daftari na penseli na kulichora, zima, lilivyokuwa. Mzee muuza kahawa akasimama na dele lake nyuma ya bega lake, akatazama muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mizinga miwili ya Wareno mbele ya mlango umeisahau." Sijui alijuaje kuwa ni mwalimu. Mama akamshukuru, akafuta kidogo pale chini, akaichora mizinga, akamnunulia mzee kahawa yake mwenyewe.

Bi wa Kiponda, anakusalimu sana. Anataka kurudi Desemba pamoja na dada yake, chumba kile kile, ghorofa ya kwanza. Nikishike sasa hivi?

Wa Kiponda

Marahaba, na mie namsalimu, tena akija anywe chai kwangu. Lakini chumba kile usikishike. Desemba ni kaskazi, upepo umegeuka, dirisha la kusini litakuwa limekufa. Ng'ambo ya ukumbi kuna chumba cha kijani, dirisha lake linatazama kaskazini, mti wa jirani hauonekani ila bandari yote inaonekana. Vidato ni vile vile 17. Waambie wakupigie picha kutoka kitandani.